Mlango wa Ishirini na Tatu

Swabra Omari hukanda unga kwa ngumi, si kwa viganja, na mtu asijaribu kumwambia vinginevyo. Miaka ishirini na ushei amekaanga mahamri pale Garsen, nyuma ya maduka ya nguo, na wateja wake wanajua kwamba mama huyu hafundishwi kitu akiwa mbele ya karai lake. Ana mwili mkubwa, sauti ya chini, na kumbukumbu ya ajabu ambayo sokoni haina kazi. Anaweza kukutajia nyumba zote za kijiji ambacho hakipo tena, moja baada ya nyingine, huku anageuza mahamri, na asiunguze hata moja.

Kijiji hicho kiliitwa Makombeni. Kilikuwa huko juu, Ndera, mahali Mto Tana ulipopinda ukawaachia watu udongo mweusi wa kulima ndizi na mpunga. Katika mvua za El Nino za mwaka tisini na saba, mto ulichoka kuzunguka. Ulikata kona, ukapita katikati ya kijiji, na maji yaliposhuka palibaki mchanga na matete. Watu walikuwa wamekimbilia kwenye miinuko kwa mitumbwi. Wakatawanyika, wengine Hola, wengine Tarasaa, wengine Garsen, na jina la Makombeni likabaki vinywani mwa wenyewe tu.

Swabra anazikumbuka nyumba hizo kwa sababu alikuwa mwalikaji. Zamani, na hata sasa kwa wanaojiheshimu, harusi au maulidi hayatangazwi kwa kadi. Anatumwa msichana mwenye adabu, anajifunga leso safi, anapita kila nyumba na kusimama mlangoni na kusema maneno aliyopewa. Yeye alitumwa tangu akiwa na miaka tisa. Maneno yenyewe hayakubadilika: "Bi fulani anakusalimu, anasema siku fulani usimnyime uso wako." Ukiruka nyumba moja umezua ugomvi wa miaka, kwa hiyo msichana hufuata njia ile ile kila mara, mlango huu kisha ule, mpaka miguu inaijua njia kuliko kichwa.

Dadake Esha ndiye aliyemfundisha kazi hiyo. Kisha mwaka tisini na tano Esha akaolewa na Liban, dereva wa lori la mifugo, akachukuliwa kuelekea Moyale. Barua zake zilikuwa zikifikia duka la Dahir pale Makombeni. Mto ulipolichukua duka, ulichukua na anwani. Esha hakujua watu wake walikokwenda, nao hawakujua yeye alikohamia. Swabra aliuliza kwa madereva, kwa wafanyabiashara wa ng'ombe, kwa mahujaji. Mmoja alisema Liban alihamia Isiolo. Mwingine akasema ni Mandera. Baada ya miaka kumi hata waliokuwa wakidanganya walichoka kudanganya.

Baba yao alifariki. Mama yao, Bi Bishara, yuko hai, amekaribia miaka themanini, anaishi na Swabra, macho yake yanaona mwanga na vivuli tu. Kila baada ya swala ya alasiri huuliza swali moja, kwa sauti ya mtu anayeulizia chumvi: "Esha hajapatikana?" Swabra hujibu, "Bado, mama." Na neno hilo, bado, lilikuwa linamla moyo, maana alimwona mama yake akipungua mwaka hadi mwaka, na aliogopa kwamba siku moja jibu litapatikana na muulizaji hayupo.

Hapo ndipo Lorna alipoingia. Lorna ni msichana wa saiba, ana duka dogo la kuchapisha na kujaza fomu mkabala na karai la Swabra, na hula mahamri matatu kila asubuhi. Siku moja alimsikia akizitaja nyumba.

"Mathe, hizi vitu unasema, unaeza weka kwa mtandao," akamwambia. "Mtu wenu akitafuta jina la kijiji, anaipata."

"Esha ataiona?"

"Kama iko mtandaoni, dunia nzima inaiona."

Swabra alicheka, lakini mchana ule alivuka barabara akiwa na aproni yake. Kwa wiki tano, saa za mchana saiba inapokuwa tupu, alikaa kwenye kiti cha plastiki akasimulia, na Lorna akaandika. Juu kabisa waliweka: Makombeni ilikuwa kijiji cha nyumba ishirini na tatu. Hilo kila mtu alilijua, chifu alilitaja kila msaada ulipogawiwa. Kisha milango, kwa mfuatano. Mlango wa Mzee Godhana, mwenye mtumbwi uliotiwa kiraka cha bati. Amefariki, wanawe wako Hola. Mlango wa Mwalimu Said wa chuo, aliyefundisha watoto Kurani na kuwaonea huruma wasiojua. Yuko Tarasaa, mzee sana. Mlango wa Mahadi, aliyefuga bata peke yake kijiji kizima, na bata wale wakamchafulia kila jirani. Swabra alisema nani yu hai na yuko wapi, na ambaye hakujua aliko alisema hajui. Jina lake mwenyewe hakuliweka. Aliona ni kujitia mbele, na tena nani asiyejua mwalikaji ni nani?

Tovuti ikawa tayari. Swabra alituma kiungo chake kwenye kila kundi la WhatsApp alilolijua, akangoja. Hakuna aliyeleta habari za Esha. Baada ya miezi kadhaa alimwambia Lorna atafute Makombeni kama anavyotafuta mgeni. Ikatokea hoteli ya nchi nyingine, ikatokea mchezaji mpira, ikatokea duka la viti. Lorna akasogeza kurasa mpaka kidole kikachoka.

"Sisi tuko wapi?" Swabra akauliza.

"Tuko, lakini chini sana. Hii ni mashine, mathe. Haisomi, inapima nani anaongelewa na wengi. Na sisi hakuna mtu anatuongelea."

Swabra alikasirika, naye akikasirika hukanda zaidi. Siku ile mahamri ya Garsen yalikuwa laini kupita kiasi. Miaka yote mto ulikuwa umekizamisha kijiji kwa maji, na sasa kilikuwa kimezamishwa tena kwa maduka ya viti.

Ni Lorna aliyevumbua habari ya saraka. Alikuja asubuhi moja, hata mahamri hakuagiza. Kumbe ipo orodha ya tovuti ambayo haipangwi na mashine. Inapangwa na watu. Unatuma anwani yako, unaielezea, unachagua safu unayotaka kuwekwa, kisha binadamu anaifungua tovuti yako na kuisoma, ndipo aamue kama inafaa. Wengi wao hawalipwi. Na kulikuwa na sehemu ya Kiswahili.

Swabra aliacha kijiko hewani. "Mtu? Anakaa chini anasoma?"

"Anasoma."

"Yote?"

"Ndiyo maana inachukua muda."

Jambo hilo lilimshangaza Swabra kuliko simu, kuliko picha zinazotembea, kuliko satelaiti. Mashine kujua mambo aliona ni sawa, mashine ilitengenezwa ijue. Lakini kwamba mahali fulani duniani kuna mtu ambaye hakutumwa, halipwi, na anafungua mlango wa kila anayebisha, hilo alilibeba siku nzima. Jioni akamweleza mama yake, na Bi Bishara akauliza swali la maana kuliko yote: "Huyo mtu ana mama?"

Wakajaza fomu. Mahali pa maelezo, Swabra alisema andika: Hiki ni kijiji bora kuliko vyote vya mtoni, chenye watu wakarimu, wazuri wa sura na wacha Mungu. Lorna aliandika neno kwa neno, maana alimjua. Baada ya siku kumi na mbili ikaja barua pepe kutoka kwa mhariri. Aliitwa Masha. Alisema yeye ni mtu wa Kaloleni, ila anaishi nchi ya baridi ambako huosha mabasi, na akitoka kazini huhariri safu za Kiswahili.

"Maelezo yenu yameandikwa kwa mapenzi," aliandika, "lakini saraka haisifu. Nimewaandikia mengine: Milango ya kijiji cha Mto Tana kilichochukuliwa na mafuriko, na waliko watu wake leo. Ila kabla sijaiweka, nina maswali mawili. Mmesema nyumba ishirini na tatu. Nimehesabu mara tatu, naona ishirini na mbili. Ya ishirini na tatu iko wapi? Na nani anayesimulia? Msomaji atataka kujua anaongozwa na nani."

Swabra aliomba asomewe tena. Kisha akasema polepole, "Ananiita mwongo?"

"Hapana, anauliza tu."

"Mimi nilipita njia ile kabla hajazaliwa." Hilo hakulijua, lakini alilisema. "Umeruka mmoja wewe."

Lorna hakuruka. Walisoma pamoja, Swabra akiweka harage moja kwenye sinia kwa kila mlango. Maharage yakawa ishirini na mawili. Akayamwaga, akaanza upya, akaenda taratibu, akataja hadi nyumba ya wajane wawili iliyokuwa nyuma ya mwembe wa msikiti, ambayo wasichana wengine walikuwa wakiisahau. Ishirini na mawili. Kitu kimoja alichokuwa akijivunia maisha yake yote, kwamba hakuwahi kuruka mlango, mwosha mabasi mmoja wa nchi ya baridi alikuwa amekitia doa.

Alirudi nyumbani akiwa amenuna, akamweleza mama yake. Bi Bishara alikuwa amelala chali kitandani akivuta tasbihi.

"Hebu nipeleke," akasema. "Anza."

Swabra akafumba macho. "Natoka, napita mti wa mkwaju, mlango wa Mzee Godhana..."

"Ngoja. Unatoka wapi?"

"Natoka nyumbani."

Tasbihi ikasimama. Swabra alibaki amesimama katikati ya chumba, mkono umeshika mlingoti wa chandarua. Mwalikaji habishi hodi kwenye mlango aliotokea. Miaka yote aliwaalika watu akitokea kwao, na katika njia ile ndefu kwao hakukuwa kituo. Alikuwa ameokoa nyumba ishirini na mbili kutoka mtoni na kuiacha moja izame, na hiyo moja ndiyo ambayo Esha angeitafuta.

Akalia, na halikuwa jambo dogo, maana Swabra halii ovyo. Kilio chenyewe kilikuwa cha hofu nusu na shukrani nusu. Alimfikiria yule Masha, mikono imekauka kwa sabuni ya mabasi, akishuka njia ya Makombeni ambayo haipo, akipita kwa Godhana, kwa Mwalimu Said, akiruka mavi ya bata wa Mahadi, anahesabu, anafika mwisho na kusimama. Mtu asiyekujua, asiyejua hata rangi ya mto wako, anasimama mahali penye pengo na kuuliza nyumba ya hapa iko wapi. Ndugu wa damu hawakuuliza. Wanakijiji wote waliopata kiungo kile hawakuuliza, kwa sababu wao pia walizoea kualikwa kutoka pale.

Kesho yake hakukaanga. Wateja walikuta karai limefunikwa, wakadhani kuna msiba. Alikuwa saiba, anasimulia kwa sauti ambayo Lorna hakuwahi kuisikia kwake.

Mlango wa ishirini na tatu, nyumba ya Omari Komora na Bishara. Mlango wake ulikuwa wa buluu, kwa rangi iliyobaki zahanati ilipopakwa. Watoto wawili, Esha na Swabra. Omari alifariki mwaka elfu mbili na nne, amezikwa Garsen. Bishara yu hai, yuko Garsen, anaulizia. Esha aliolewa na Liban, dereva, mwaka tisini na tano, hatujui aliko. Swabra ndiye mwalikaji, na ndiye anayesimulia haya. Namba ya simu ni hii.

Masha alijibu siku iliyofuata. Alisema kwamba tangu aanze kuhariri amesoma tovuti za mahoteli na vyama na mashairi, na hii ndiyo ya kwanza aliyoisoma akiwa amesimama. Saraka haikuwa na safu ya Tana River, kwa hiyo alikuwa ameifungua. Ndani yake mlikuwa na kitu kimoja. Na maelezo alikuwa ameyarefusha kidogo: Milango ishirini na mitatu ya kijiji cha Makombeni, pamoja na nyumba ya msimulizi mwenyewe.

Lorna alimwonyesha kwenye kioo. Dunia, kisha Kiswahili, kisha Kenya, kisha Tana River, na ukiubonyeza mto unakuta Makombeni. Swabra aliigusa herufi ya kwanza kwa kidole chenye unga. Mto mzima ule, uliomeza mashamba na makaburi, ulikuwa umeandikwa mstari mmoja, na chini yake wao.

Zikapita wiki saba. Bi Bishara aliendelea kuuliza baada ya alasiri, na Swabra akaendelea kujibu bado. Alikuwa ameanza kujilaumu kwa kumtia mzee matumaini, mzee mwenyewe akiwa halili tena nusu ya chakula chake.

Simu ililia Jumanne mchana, naye mikono imo kwenye unga mpaka vifundoni. Lorna ndiye aliyemshikia sikioni. Ilikuwa sauti ya msichana, Kiswahili chake cha huko kaskazini.

"Samahani, mama. Naitwa Sagal, napiga kutoka Isiolo. Wewe ni Swabra wa Omari Komora?"

"Ni mimi."

"Mama yangu anaitwa Esha."

Swabra alikaa chini. Hakuna aliyemwona akikaa, ila karai lilimwagika kidogo na mteja mmoja akaruka.

Msichana alisimulia kwa haraka, kama mtu anayeogopa simu itakatika. Mama yake aliuona ukurasa ule mwaka uliopita. Mke wa dereva mmoja alimletea kwenye simu. Akausoma wote, mlango kwa mlango, akilia na kucheka, akasema huyu ni Godhana, hawa ni bata wa Mahadi. Akafika mwisho. Akarudi juu, akasoma tena. Kisha akamwambia bintiye azime simu. Alisema aliyeandika anawajua watu wote, waliokufa na wanaoishi. Kama nyumba yetu haimo, basi haikubaki hata roho moja ya kuitaja. Akakaa matanga siku tatu. Akawasomea hitima ya kuwaombea waliokufa.

"Sikuweza kumwacha hivyo," Sagal akasema. "Juzi niliandika jina la kijiji, nikaona ile saraka. Ilisema milango ishirini na mitatu, pamoja na nyumba ya msimulizi mwenyewe. Na mimi nilikuwa nimeihesabu ile ya kwanza wakati mama analia, ilikuwa ishirini na miwili. Nikaifungua, nikakuta jina la mama na namba yako."

Swabra aliinuka na unga wake mikononi, akavuka vichochoro vitatu hadi nyumbani, Lorna akimfuata na simu kama mtu aliyebeba yai. Bi Bishara alikuwa mlangoni kwenye mkeka. Walipomweleza, aliiweka tasbihi chini. Kisha akauliza:

"Hitima yangu imeshasomwa?"

"Imesomwa, mama."

"Basi nimewekewa akiba," akasema, na machozi yakawa yanamshuka wala hayafuti.

Upande wa pili simu ilikuwa imepewa mtu mwingine. Alikuwa anapumua tu. Swabra alizijua pumzi zile; alilala nazo kitanda kimoja miaka kumi na miwili. Alikuwa na mambo ya miaka karibu thelathini ya kusema, na hakuna hata moja lililokuja. Kilichokuja ni maneno aliyofundishwa na dada huyo huyo, wakiwa wamesimama kwenye mlango wa buluu, akimfunga leso kabla ya kumtuma kwa mara ya kwanza.

"Bi Bishara anakusalimu," akasema. "Anasema usimnyime uso wako."

Kisha Esha, kwa sauti ya mwenye nyumba anayealikwa, akauliza ni siku gani.